Kitanda Hakizai Fotokopi

Baraza letu la kahawa pale Mtaa wa Sikukuu ni mahakama isiyo na rufaa. Hakimu ni yeyote aliyewahi benchi la ukutani. Karani ni muuza kahawa, anayegonga vikombe vyake kila shauri linapotajwa. Ushahidi ni simu. Wiki iliyopita simu ilitoka mfukoni kwa kijana anayeuza mabegi upande wa Mtaa wa Kongo, na mwanawe alikuwa na siku kumi na moja. Picha ikapita mkono kwa mkono, ikakuzwa kwa vidole viwili. Wakakagua masikio, wakakagua pua, mmoja akauliza kama ipo ya vidole vya miguu. Haikuwapo. Kisha kimya. Kimya cha barazani kina maana moja tu, na kijana alishaielewa kabla mwenye kashata hajakohoa na kusema, "Mh. Huyu kamfuata mama yake mno."

Hiyo ni lugha ya adabu. Ya mtaani ni kwamba umebambikiwa.

Naipinga hukumu hii, na sitaki kuipinga kwa huruma. Huruma ingesema: jamani, mwacheni kijana, mtoto atabadilika, subirini afikishe arobaini. Mimi nasema hata asipobadilika mpaka aote ndevu, baraza limekosea tangu swali la kwanza. Limechukua kazi ya kawaida ya uzazi, yaani kumtoa mtu ambaye hakuwahi kuwapo, likaifanya kosa la jinai. Na limechukua ajali, yaani kufanana, likaifanya hati miliki.

Msingi wa kesi zote za namna hii ni ile nadharia ya damu kali. Kila mtu Kariakoo anaijua. Mwanamume mwenye damu kali huwatoa watoto wake kama sabuni kwenye kalibu. Asiyefananiwa na wanawe damu yake imepooza. Na kama ilishajulikana kuwa kali, kwa watoto wawili wa kwanza, basi wa tatu asiyefanana naye ni wa jirani. Tazama ilivyofumwa: haishindwi kamwe. Akifanana, damu ni kali. Asipofanana, mke ni malaya. Nadharia isiyoweza kukosea imeshajitoa yenyewe kwenye elimu ikajiunga na ramli.

Tena damu yenyewe haimo. Baba hatoi hata tone. Anatoa mbegu moja kati ya mamilioni, mama anatoa yai, na damu ya mtoto hutengenezwa na mwili wa mtoto mwenyewe. Hata ya mama, aliyembeba miezi tisa, kwa kawaida haichanganyiki na yake. Kondo la nyuma limekaa katikati kama ukuta wenye vidirisha. Neno zuri lipo, ni jeni, na wanafunzi wetu wa sekondari hulisoma kwenye mada ya urithi. Wakishamaliza mtihani wanarudi barazani kwenye damu.

Nimefikiri sana namna ya kueleza jambo hili kwa watu wa mtaa huu, na mfano ulio karibu ni doti ya kanga. Nenda Mtaa wa Uhuru, madukani. Doti ni vipande viwili vilivyo sawasawa: pindo lile lile, mji ule ule, jina lile lile. Sasa fikiri kabati lenye doti 23, ila za ajabu kidogo. Katika kila doti, kipande kimoja mtu alipewa na mama yake, kingine na baba yake. Pindo limelingana, mji umelingana, ila katika jina herufi chache hapa na pale zimetofautiana. Pengine tofauti ya herufi hiyo moja haina maana yoyote. Pengine ndiyo tofauti ya pua pana na pua nyembamba. Vipande hivyo 46 ndivyo kromosomu, na karibu kila chembe ya mwili wako ina kabati kama hilo.

Mwili ukitengeneza yai au mbegu hauwezi kutoa kabati zima, maana mtoto angepata vipande 92, na mjukuu 184. Unatoa nusu: kutoka kila doti, kipande kimoja. Kipi? Hakuna anayechagua. Ni bahati nasibu, na kila doti ina droo yake. Droo 23 zenye majibu mawili mawili zinaleta michanganyiko 8,388,608 kwa mzazi mmoja. Mzazi wa pili naye ana idadi hiyo hiyo. Zidisha, unapata zaidi ya trilioni 70. Dunia nzima ina watu bilioni nane na kitu. Kijana wa mabegi, kwa usiku mmoja na mkewe halali, alikuwa na njia nyingi za kupata mtoto kuliko watu wote waliowahi kuzaliwa.

Na hapo sijafika kwenye mkasi. Kabla droo haijachezeshwa, vipande viwili vya doti hulazwa pamoja, pindo juu ya pindo. Hukatwa mahali pale pale, mara moja, pengine mbili au tatu, kisha hushonwa kwa kubadilishana: upande huu wa kile cha bibi unaungwa na upande ule wa kile cha babu. Hiki kilichoshonwa upya ndicho kinachoingia kwenye yai. Kwa hiyo kipande anachopewa mtoto kwa kawaida hakijawahi kuwapo katika kabati la mama yake. Mama mwenyewe hakuwahi kukivaa. Mtu anayedai fotokopi anadai kitu ambacho mashine haina hata kitufe chake.

Kwa wanawake mkasi huu hupita mapema kuliko watu wanavyodhani. Mayai ya mtoto wa kike huanza kutengenezwa angali tumboni, na kukatana huko hufanyika wakati huo huo, kisha kazi husimama miaka na miaka mpaka yai lipevuke. Kama mama yako alizaliwa 1975, mwaka lilipofunguliwa soko letu lile lenye paa la miavuli ya zege alilolichora Beda Amuli, basi yai lililokuja kuwa wewe lilikatwa na kushonwa ndani ya tumbo la bibi yako. Baraza zima likichunguza masikio yako linachunguza kazi iliyofanyika kabla baba yako hajamjua mama yako kwa jina.

Kwa wanaume ni kinyume. Mbegu hutengenezwa kila siku mpaka uzeeni, na kila unakili huacha makosa. Utafiti wa Iceland uliochapishwa 2012 ulikuta baba wa miaka 20 anampa mtoto herufi mpya kama 25 zisizokuwamo kwake wala kwa mababu. Baba wa miaka 40 anampa kama 65. Mzee mwenzangu anayejisifu damu kali kwa mtoto wa utu uzima na atafakari hilo. Kilichozidi umri ukisogea ni makosa ya uchapaji.

Nikiwa hapo hapo kwenye kabati la baba, doti yake ya ishirini na tatu ni kituko. Kipande kimoja kimetimia, kingine kimefupishwa kama leso ya kufutia jasho. Akitoa kilichotimia anapatikana msichana, akitoa leso anapatikana mvulana. Mke hana droo katika suala hilo, kwani vyake vyote viwili vimetimia. Nawajua wanawake watatu wa mtaa mmoja waliorudishwa kwao kwa "kuzaa wasichana watupu". Sitaendelea, nitapandwa na hasira nikaacha mada.

Turudi kwenye rangi, maana ndilo shauri linaloongoza. Baba mweusi, mama mweusi, mtoto ametoka maji ya kunde. Basi kuna Mwarabu wa duka la vitambaa katikati. Rangi ya ngozi haitawaliwi na jeni moja bali nyingi, kila moja ikisukuma kidogo. Mwaka 2017 kundi la watafiti likiongozwa na Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichapisha matokeo ya kuwapima zaidi ya watu 2,000 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Walichokikuta kinawaumbua wote wanaodhani weupe ni kitu cha kuletewa na jahazi: nyingi za herufi zinazopunguza weusi na zinazouongeza ni za kale mno humu humu Afrika, baadhi zikiwa zimetangulia kuwapo kwa binadamu wa sasa. Wazazi wawili weusi wanaweza kubeba herufi za weupe zilizotawanyika huku na huku, zisionekane kwa yeyote kati yao, kisha droo ikazikusanya kwa mtoto mmoja. Mdogo wake asipate hata moja.

Barazani kwetu wengi ni watu wa msikitini, kwa hiyo hili nawakumbusha tu, siwafundishi. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, bedui mmoja alimwendea Mtume akilalamika kwamba mkewe kazaa mtoto mweusi. Akaulizwa kama ana ngamia. Anao. Rangi gani? Wekundu. Hakuna wa kijivu kati yao? Wapo. Wametoka wapi hao? Bedui akajibu kwamba labda ni asili ya nyuma iliyowavuta. Mtume akamwambia kwamba labda mwanawe naye ni hivyo hivyo. Ndiyo kesi yote. Imeamuliwa karne kumi na nne zilizopita kwa maswali ya mfugo, na sisi bado tunakuza picha kwa vidole.

Mfano mkali kuliko wote tunao hapa hapa nchini, na tumeupuuza kwa gharama ya roho za watu. Inakadiriwa kwamba Tanzania mtoto 1 kati ya 1,400 huzaliwa na ualbino. Ili azaliwe lazima apate herufi hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Ukikokotoa kutoka idadi hiyo, karibu mtu 1 kati ya 19 anaibeba bila kujua, na ngozi yake ni nyeusi kama kawaida. Daladala moja ya Gerezani ikijaa ina abiria wawili watatu wa namna hiyo, wakining'inia na kugombana na konda. Wawili wa hao wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Lakini ni wanawake wangapi wameambiwa wametembea na mzungu, au na jini? Mtoto yule ni ushahidi wa baba kuliko mtoto mwingine yeyote ndani ya nyumba, maana bila mchango wake asingekuwa na rangi ile.

Wapo wanaojiona wasomi kuliko baraza. Hao hawaangalii masikio, wanaangalia kadi ya kliniki. Baba ni grupu A, mama ni B, mtoto katoka O. "Umeona? Damu hazisomani." Zinasomana vizuri sana. Mtu wa grupu A anaweza kuwa na A kwenye kipande kimoja cha doti na O kwenye kingine, na O haionekani ikiwa pamoja na A. Mwenye B vivyo hivyo. Wote wakitoa vipande vyao vya O, mtoto ni O, halali kabisa, na angeweza pia kuwa A, B au AB. Nyumba moja, grupu nne, baba mmoja. Mwenye grupu AB kupata mtoto wa O ndilo jambo la kushangaza, na hata hapo anayepaswa kushangaa ni daktari.

Selimundu ndiyo inayoniuma zaidi. Nchi hii inakadiriwa kupata watoto 11,000 kwa mwaka wanaozaliwa nao, na ugonjwa wote ule wa kulia mifupa usiku chanzo chake ni herufi moja katika jeni inayotengeneza himoglobini. Wazazi wazima kabisa, kila mmoja akiwa na herufi hiyo kwenye kipande kimoja tu, hupeleka mtoto Muhimbili akiwa amevimba vidole, na upande wa mume unasema: "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Upo. Umelala. Na umelala kwa sababu: Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, kwamba mwenye herufi hiyo moja anaikabili malaria vizuri kuliko asiye nayo. Babu yenu aliyepona malaria utotoni huenda aliponea hapo. Akawaachia uhai, na herufi ikiwa ndani yake.

Sasa najua jibu linalokuja, maana nimeshajibiwa mara kumi. "Kwani hakuna wanaobambikiwa?" Wapo. Sijasema wanawake wa Dar es Salaam ni malaika. Wanaume wao ndio kabisa. "Na habari za Mkemia Mkuu je?" Haya, tuzitazame. Kila baada ya muda hutoka habari kwamba sehemu kubwa ya wanaume waliopima vinasaba wamekuta watoto si wao, na siku hiyo kahawa haitoshi. Lakini ni nani anayekwenda kupima? Ni aliyekwisha kuwa na mashaka, aliyesikia jambo, aliyekuta ujumbe kwenye simu. Kuchukua hesabu yao ukaisambaza kwa taifa zima ni kama kuingia wodini kwenye taasisi ya mifupa ya MOI, kuhesabu miguu iliyovunjika, ukatoka ukatangaza kwamba nusu ya jiji linatembelea magongo. Tafiti za Ulaya zilizopima koo kwa ujumla, bila kungoja wenye mashaka, hukuta kama asilimia 1 au 2. Na sitaficha upande wa pili: kwa Wahimba wa Namibia, utafiti uliochapishwa 2020 ulikuta asilimia 48. Ila kwa Wahimba jambo hilo si siri wala fedheha, na wazazi mara nyingi walikuwa wakijua ni mtoto yupi. Namba hiyo inatoka kwenye mila za watu. Kwenye pua haimo.

Angalia pia maabara yenyewe inavyofanya kazi, ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali iliyopo Barabara ya Barack Obama. Kwanza, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, huendi na mate ya mtoto kwenye chupa ya soda. Ombi hupitia kwa waliotajwa na sheria, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Pili, hakuna fomu inayouliza sura. Wanatazama sehemu kadhaa za vinasaba na kuangalia jambo moja: je, katika kila doti ya mtoto, kimoja kimetoka kwa mama na kingine kinaweza kuwa kimetoka kwa huyu mwanamume? Kipimo chenyewe kimejengwa juu ya kanuni ninayoipigia kelele hapa, kwamba baba hutoa nusu tu, na nusu hiyo ni ya bahati nasibu. Mtu anayeamini vinasaba hawezi papo hapo kuamini damu kali.

Hata kufanana kwenyewe kunatangazwa kabla hakujaonekana. Mwaka 1982 Martin Daly na Margo Wilson, huko Kanada, walikusanya yanayosemwa watoto wakizaliwa, wakakuta kwamba wanaosisitiza "kamtoa baba yake" ni mama na ndugu zake. Je, hapa si hivyo? Nenda wodi ya wazazi Amana au Mnazi Mmoja usikilize. Bibi mzaa mama hajaweka hata kapu la uji chini, ameshasema, "Baba yake mtupu!" Mtoto mwenyewe ana uso wa embe lililopikwa. Bibi anajua kazi yake: anajenga ukuta kabla baraza halijafika.

Tulikuwa ndugu saba. Sisi saba, baba mmoja mama mmoja, na kwa hili sina shaka hata chembe, tulikuwa tukipanga foleni bombani wapangaji wapya wakadhani ni watoto wa nyumba tatu. Kwa wastani ndugu wa damu hushiriki nusu ya vinasaba, lakini wastani hudanganya: kwa ndugu wa tumbo moja waliopimwa Australia, wengine walikuwa na asilimia 37, wengine 62. Mimi na dada yangu wa pili nadhani tuko chini huko kwenye 37. Hatufanani hata kwa kupiga chafya.

Na kwa nini mwili ujitese hivi, kukata, kushona, kupiga droo, badala ya kutoa nakala iliyo sawa kama mhogo? Kwa sababu mhogo wenyewe ulishatujibu. Ule wa kuchoma unaoula na chachandu pale kona ya Msimbazi mkulima hakuupanda kwa mbegu. Alikata pingili ya shina akaichomeka. Mhogo wa mwaka huu ni wa mwaka jana, na wa mwaka juzi, mwili mmoja uliotandazwa shambani. Batobato ikiingia, au michirizi ya kahawia, ikishajua kufungua mlango wa mmoja imefungua wa wote. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na wenzake katika kituo cha Amani, kule Usambara, hawakuona njia nyingine ila kuuoza mhogo: waliuchavusha na jamaa zake wa porini, ukiwamo mti mmoja wa mpira, wakapanda mbegu zilizopatikana. Miche iliyotoka haikufanana na mama wala baba. Mingi ilikuwa takataka. Michache iliyakabili magonjwa, na uzao wake uliendelea kutumiwa na watafiti wa mhogo wa Afrika kwa miongo mingi. Hakuna mtu aliyesimama Amani akauliza miche hiyo imebambikiwa na nani.

Haya yote niliyasema barazani, si kwa mpangilio huu, na nikikatizwa kila sentensi. Kijana wa mabegi alisikiliza mpaka kahawa yake ikapoa. Wakati huo mkewe akawa ametuma picha nyingine: mguu wa mtoto, umekunjwa kwenye kitenge, kidole cha pili kimekipita kidole gumba.

"Haya, hicho cha nani?" akasema mwenye kashata, mwenye kupenda haki ionekane ikitendeka.

Makubazi yakavuliwa. Wazee sita wakanyoosha miguu barabarani, bajaji ikapiga honi, wakakagua. Kijana hana kidole hicho. Mwenye kashata hana. Mimi sina. Aliyekuwa nacho, mguu wa kulia na wa kushoto, ni muuza kahawa, mzee wa miaka sabini na kitu kutoka Tabora, ambaye aliutazama mguu wake, akalitazama baraza, akaurudisha taratibu chini ya dele.